Ujiji ya zamani: muji wa ng'ambo, wazungu waliouandika, na watu wa pwani yetu waliokuwa ndani yake

Ukisimama Swima na kuangalia ng'ambo ya ziwa, mbele yako ni Burundi, upande wa Rumonge. Ukishuka kusini kwa kufuata pwani ileile ya mashariki utafika Kigoma, na kilomita chache baada ya Kigoma ndio Ujiji. Vijana wengi wa Fizi wanalijua jina hili kupitia wafanyabiashara, ao kupitia wazazi waliokimbilia Tanzania wakati wa vita. Wachache wanajua kwamba zaidi ya miaka 150 iliyopita Ujiji ndio ilikuwa soko lililojulikana kuliko yote kwenye ziwa Tanganyika.

Wazungu wa kwanza kufika kwenye ziwa hili walipita hapo, na waliandika vitabu. Vitabu hivyo vinasema mengi juu ya Ujiji, na pia vinasema juu yetu: Uvira, Ubwari, Wabembe, Wagoma. Mengine ni kweli. Mengine ni maneno ya njiani ambayo yalituganda kwa miaka mingi. Katika makala hii tunaeleza walichokiona, waliambiwa na nani, na kwa nini muji huo ni sehemu ya historia yetu pia.

Ujiji ilikuwa nini?

Kwanza Ujiji haikuwa jina la muji mumoja. Ilikuwa inchi ya Wajiji, watu walio ndugu na Waha. Penye bandari palikuwa vijiji viwili vilivyokaribiana, Ugoy na Kawele. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani ya bahari ya Hindi walianza kufika huko karibu na mwaka wa 1840. Walipita Tabora, wakifuata pembe za ndovu na watumwa.

Wafanyabiashara wa pwani hawakuwa wenye inchi. Walipewa nafasi na machifu wa Wajiji, wakalipa hongo, wakaoa kwa wenyeji. Mumoja wao aliyejulikana sana ni Mwinyi Kheri, Mswahili wa pwani. Baadaye alitambuliwa na Sultani wa Zanzibar kama liwali wa Ujiji. Hivyo muji ulikua juu ya mapatano: Wajiji wana udongo na mitumbwi, watu wa pwani wana vitambaa, ushanga na bunduki, na watu wa pande zote za ziwa wanaleta mali yao.

Burton, 1858: alitafuta muji, akaona vibanda

Richard Burton na John Speke, wote wawili maofisa Waingereza, waliondoka pwani ya bahari katikati ya mwaka wa 1857. Waliliona ziwa tarehe 13 Februari 1858, na kesho yake wakaingia Ujiji. Walikuwa wamechoka sana. Burton alikuwa na malaria na miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, alikuwa anabebwa. Speke alikuwa na ugonjwa wa macho, karibu haoni.

Burton alikuwa amesikia habari za Ujiji tangu Zanzibar. Kichwani mwake alikuwa amejenga muji wa biashara wenye nyumba kubwa, na mitaa kama ile ya pwani. Alipofika aliona vibanda vya nyasi vimetawanyika, vya umbo la mzinga wa nyuki, na nyumba moja ya Mwarabu iliyoanza kubomoka. Akaandika kwamba amevunjika moyo.

Lakini mutu huyohuyo, kurasa chache mbele, anaeleza soko. Anasema palikuwa kiwanja kilichosafishwa nyasi, ambapo watu walikusanyika tangu asubuhi ya saa ine mpaka saa tisa mchana, kama mvua hainyeshi. Wengine wamesimama, wengine wamechuchumaa, wote wanapatana bei, na kelele zao zinasikika mbali sana. Mbuzi, kondoo, kuku, samaki, ndizi, mboga, pombe ya mawese, mafuta ya mawese, pembe za ndovu. Na watumwa.

Hapo ndipo muji wenyewe ulikuwa. Mgeni aliyezoea kupima muji kwa mawe na ghorofa hakuuona, kwa sababu muji ulikuwa watu. Saa za soko zikiisha, nusu yao wanarudi kwenye mitumbwi.

Kila kitu na kwao

Ukisoma vizuri wasafiri wote, unaona kwamba katika soko la Ujiji kila kitu kilikuwa na kwao, kama vile leo mama wa soko anavyokuambia mawese haya ni ya wapi na ndagala hizi ni za wapi.

Chumvi ilitoka Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi, upande wa mashariki. Uvira ilijulikana kwa vitu vya chuma, hasa sambo, ile nyaya ya kuvaa miguuni, na pia kwa mbugu, kitambaa cha magamba ya miti. Burton anaandika kwamba wafanyabiashara walipenda Uvira kwa sababu bei zake zilikuwa za chini. Mitumbwi mikubwa ilichongwa kutoka miti ya Ugoma, milima ya magharibi, karibu kutazamana na Ujiji. Ni kusema, wakati wasafiri wanasifu mitumbwi ya Wajiji, mti wake ulikatwa upande wetu wa ziwa.

Kwa hiyo palikutana Wajiji, Waha, Wavinza, Warundi, watu wa Uvira, Wabwari, Wagoma, watu kutoka Maniema, Wanyamwezi wabeba mizigo, Waswahili, Waarabu wa Omani na askari Wabaluchi. Kila mumoja na lugha yake. Lugha iliyowaunganisha sokoni na njiani ilikuwa Kiswahili. Kiswahili tunachoongea leo kutoka Uvira mpaka Kalemie na Kasongo kilipita njia hizo za biashara, kabla ya shule na kabla ya Wabelgiji.

Cameron, 1874: wakambisti wa zamani

Luteni Verney Lovett Cameron, wa jeshi la maji la Uingereza, alifika Ujiji mwezi wa Februari 1874. Yeye alishangazwa na feza.

Sokoni walitumia ushanga ulioitwa sofi, unaofanana na vipande vya mti wa kiko uliovunjika. Mgeni mwenye vitambaa ao ushanga wa aina nyingine hakuweza kununua moja kwa moja. Soko likifunguliwa, watu fulani walikaa pale na mifuko yao ya sofi, wakakubadilishia mali yako. Ukiisha kununua, muuzaji akabaki na sofi. Soko likifungwa, wale wenye mifuko walizichukua tena kwa wauzaji na kuwapa kitu kingine. Walipata faida wakati wa kutoa na wakati wa kupokea.

Mkaaji wa Baraka ao wa Uvira hahitaji kuelezwa zaidi. Hao ni wakambisti. Leo wana franga za Kongo, dola, franga za Burundi na shilingi za Tanzania juu ya meza. Wakati huo walikuwa na sofi. Penye wakambisti, kuna watu wa inchi nyingi wanaohitajiana. Wazungu waliofikiri wamefika mwisho wa dunia walikuta soko lenye kanuni zake, saa zake na feza yake.

Burton kwenye pwani yetu

Mwezi wa Aprili 1858 Burton na Speke walipanda mitumbwi miwili pamoja na Kannena, mkubwa wa Kawele, ili kwenda kaskazini ya ziwa. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani ao unaingia. Kama unatoka, walifikiri, labda ndio mwanzo wa Nile.

Walikata ziwa mpaka Ubwari. Walifuata pwani yake ya mashariki wakapita ncha ya kaskazini, na Burton akaandika kwamba Ubwari ni kisiwa. Kila mtoto wa Baraka anajua kwamba Ubwari imeshikana na bara upande wa kusini. Stanley alisahihisha jambo hilo alipozunguka ziwa lote mwaka wa 1876. Lakini ramani zina mambo yake: ghuba ya Baraka iliitwa Golfe de Burton, jina la mutu ambaye hakujua kwamba ni ghuba.

Kutoka Ubwari walivuka tena na kupanda kwa pwani yetu, ile iliyo kati ya Ubwari na Uvira. Waligusa pahali alipopaita Murivumba, na hapo Burton aliandika kwamba Wabembe wanakula watu. Neno hilo lilisomwa Ulaya na kurudiwa na wengine waliofuata.

Tuulize kama mwandishi wa habari anavyouliza: alijua namna gani? Hakukaa na Wabembe. Hakujua lugha yao. Alikuwa mgonjwa, analala ndani ya mtumbwi wa watu wa Ujiji, na wapiga kasia hao ndio walimweleza nani ni mbaya na nani ni mzuri. Watu aliowaona kwa macho yake anawaeleza kuwa wanyonge na waoga, si watu wa kutisha. Tena ukiwa mfanyabiashara, una faida gani kumwambia mgeni kwamba pwani fulani ni salama? Atakwenda kununua huko mwenyewe. Woga pia ulikuwa ukuta wa kulinda biashara.

Tarehe 26 Aprili 1858 walifika Uvira. Huko watoto wa chifu Maruta waliwaambia waziwazi: Rusizi inaingia ziwani. Wapiga kasia walikataa kuendelea, Burton akarudi bila kuona mdomo wa mto. Miaka 13 baadaye wazungu wengine walikwenda mpaka pale na kukuta kwamba watu wa Uvira walisema kweli.

Stanley na Livingstone, 1871

Mkutano unaojulikana sana katika historia ya Ujiji ni ule wa Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, na David Livingstone, mmisionari wa Scotland. Stanley aliandika kwamba alifika tarehe 10 Novemba 1871. Aliingia na bendera ya Marekani mbele na bunduki zikilia, ili watu wajue msafara umefika. Waliokuja mbio kumpokea kwanza walikuwa Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone. Ndio hao ambao, bwana wao alipokufa mwaka wa 1873 katika inchi ambayo leo ni Zambia, waliubeba mwili wake pamoja na wenzao mpaka pwani ya bahari.

Livingstone alikuwa amerudi Ujiji kutoka Maniema akiwa maskini. Mali yake iliyotumwa kutoka Zanzibar ilikuwa imeuzwa na mutu aliyepewa kuitunza. Stanley alileta dawa, vitambaa na barua. Wakapanda mtumbwi pamoja kwenda kaskazini, wakaona Rusizi inaingia ziwani, halafu wakashuka kwa pwani ya magharibi, upande wetu.

Huko, kwenye ncha ambayo Stanley aliandika Luvumba, jina linalokaribiana na Murivumba ya Burton, walikutana na vijana wenye hasira. Stanley anawaita Wasansi. Lakini safari hii sababu iliandikwa: Mbaluchi mumoja, mfanyabiashara, alikuwa ameua mtoto wa chifu wa pale kwa kumshuku kwamba ameangalia mwanamke wake. Livingstone alikunja mkono wa nguo, akawaonyesha ngozi yake, akawauliza kama watu wa rangi hiyo wamewahi kuwafanyia ubaya. Watu walitulia, ingawa wasafiri waliondoka haraka.

Weka maandishi haya mawili pamoja. Kwa Burton, watu wa pwani hii ni wabaya kwa asili yao. Kwa Stanley, wana mtoto aliyeuawa na hakuna aliyelipa. Pwani ni ileile, tofauti ni kwamba mumoja alipata habari ya sababu.

Bidhaa ambayo hatuwezi kuruka

Sifa za soko la Ujiji haziwezi kufunika jambo moja: pembeni ya ndizi na chumvi waliuzwa watu. Wengi walitoka magharibi ya ziwa, ni kusema upande wetu na Maniema. Walivushwa kwa mitumbwi, wakaongozwa kwa miguu mpaka Tabora, na wengine mpaka pwani ya bahari, njia ya zaidi ya kilomita 1000.

Livingstone alishuhudia namna kazi hiyo ilivyofanywa. Tarehe 15 Julai 1871, sokoni Nyangwe kwenye mto Lualaba, watu wa wafanyabiashara walifyatulia risasi umati ambao wengi wao walikuwa wanawake waliokuja kuuza. Wengine walikufa kwa risasi, wengine kwa maji. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kati ya 330 na 400. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliongeza nguvu ya wale waliotaka biashara ya watumwa ikomeshwe, na mwaka wa 1873 Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Zanzibar. Huku ndani, biashara iliendelea miaka mingine mingi.

Hakuna msafiri kati ya hawa aliyekaa chini na mutumwa mumoja wa kutoka Ubwari ao Ugoma na kuandika kisa chake kuanzia nyumbani kwao. Wanahesabiwa, wanawekewa bei, halafu wanapita. Hiyo ndio sehemu kubwa inayokosekana.

Muji ulibaki kwa nani?

Hapa historia inageuka. Wale waliovushwa ziwa, kwa kamba ao kama wafuasi na wabebaji wa wakubwa wa biashara, hawakuondoka wote kwenda pwani. Wengi walibaki Ujiji. Walijenga, walilima, walioa, wengi waliingia dini ya Kiislamu, wakafanya biashara yao. Wakaitwa Wamanyema, jina la Maniema, hata kama kwao kulikuwa Ubwari, Ugoma, Masanze ao Ubembe. Baada ya muda ndio wakawa wakaaji wengi wa Ujiji. Watoto wao walisambaa mpaka Tabora, Dar es Salaam, Rumonge na Buyenzi kule Bujumbura.

Waarabu wenye jina kubwa katika vitabu walipotea. Muji ukabaki mikononi mwa watoto wa wale waliouzwa ndani yake.

Bandari nayo ilibadilika. Mwaka wa 1874 Cameron aliona mto Lukuga, penye Kalemie ya leo, umezibwa na majani. Mwaka wa 1878 hivi kizuizi kilivunjika, maji yakatoka, na katika miaka karibu 15 ziwa lilishuka kama metre 10. Maji yaliondoka kwenye miguu ya Ujiji. Leo pahali pa kumbukumbu ya Livingstone pako mbali na ufuko. Sisi tulioona maji yakipanda na kula nyumba Baraka na Uvira tangu mwaka wa 2020 tunaelewa kwamba ziwa hili halina mpaka wa kudumu. Mwishoni Wadachi walipeleka reli yao Kigoma, ikafika mwaka wa 1914, na meli kubwa zikahamia huko.

Namna ya kusoma maandishi haya leo

Vitabu vya wasafiri hawa si vya kutupa. Bila Burton tusingejua saa za soko, bila Cameron tusingejua wakambisti wa sofi. Lakini kila mara jina la kwetu linapoonekana, tuulize maswali matatu: alikaa siku ngapi, nani alimtafsiria, na aliyemweleza alikuwa na faida gani? Tukumbuke kwamba Speke aliongea na kiongozi wake Sidi Mubarak Bombay kwa Kihindustani. Neno la mutu wa Ubwari lilipita kwenye Kiswahili, likaingia Kihindustani, ndipo likafika Kiingereza. Njiani vitu vinaanguka.

Maswali hayo yanafaa hata leo. Mgeni anafika Fizi kwa siku mbili, analala kwenye hoteli, anaelezwa na dereva, kisha anaandika kwamba kabila fulani ni la vita. Na sisi wenyewe, tunaporudia juu ya jirani yetu jambo tulilosikia kwa mutu wa tatu, tunafanya kazi ya wale wapiga kasia.

Mwaka wa 1996, na tena 1998, maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa usiku kwenda Kigoma, na wengi wao wangali Nyarugusu. Walivuka maji yaleyale, wakafika karibu na muji ambao mababu wa pwani hii waliujenga. Wakaaji wengi wa Ujiji, ukiwauliza babu yao alitoka wapi, wananyoosha mkono magharibi, kwetu.

Tarehe za kukumbuka

Karibu 1840: wafanyabiashara wa pwani waanza kufika Ujiji.
Februari 1858: Burton na Speke wafika Ujiji, Aprili wafika Ubwari na Uvira.
1869: Livingstone afika Ujiji mara ya kwanza.
1871: mauaji ya Nyangwe (Julai), Stanley akutana na Livingstone Ujiji (Novemba).
1874: Cameron afika Ujiji na kuona Lukuga.
1876: Stanley azunguka ziwa, Ubwari yajulikana kuwa rasi, si kisiwa.
1878 hivi: Lukuga yafunguka, ziwa laanza kushuka.
1914: reli yafika Kigoma.

Kama katika jamaa yenu kuna mzee anayejua kisa cha ndugu aliyevuka zamani na kubaki Ujiji, mwandikeni maneno yake sasa, na jina la kijiji alikotoka. Kisa hicho hakimo katika kitabu cha msafiri yeyote.